Jina Kwenye Kiuno cha Gitaa

Mulinge aliomba kwanza, kama kawaida yake, kiganja kikiwa juu ya ubao. "Baba, shika mikono yangu leo." Kisha akaulowesha ubao kwa kitambaa na kuanza kuukunja taratibu juu ya bomba la moto.

Ulikuwa ubavu wa gitaa, mwembamba kama jalada la kitabu, wa oloirien, ule mzeituni wa porini ambao Wamaasai hubarikia watu. Mti wenyewe ulianguka wakati wa kiangazi nyumbani kwa Lemayian, mbele ya mji wa Kajiado. Lemayian alikuwa mchonga mawe katika machimbo ya Kitengela na mwimbaji wa kanisa lao. Aliupasua mwenyewe, akauleta karakanani kwa Mulinge, akaupiga randa jioni baada ya jioni. Alitaka gitaa la mti wa kwao. Ubao ulipokuwa laini aliandika jina lake kwa penseli upande wa ndani, pale kwenye kiuno cha gitaa, ulimi nje, herufi zikipanda mlima. Wiki mbili baadaye ukuta wa machimbo ulimwangukia.

Mjane wake, Nailantei, mama wa mtoto wao Soipan, alikuja baada ya maziko na neno moja tu: "Fundi, malizia."

Lile jina lilimsumbua Mulinge. Kwenye maziko alisimama kutoa rambirambi, Mkamba wa watu, akamtaja marehemu kwa jina mara tatu, mpaka mzee mmoja akamvuta koti. "Aliyeenda hatumwiti tena, rafiki yangu. Unaamsha uchungu." Tangu siku hiyo hakuweza kuutazama ubao bila kujiuliza Nailantei angejisikiaje akiuona.

Sasa ubao ulianza kulegea na kufuata umbo la kiuno. Halafu akasikia mlio mdogo, kama wa mtu aliyevunja njiti ya kiberiti. Nyuzi za mti wa oloirien huenda kwa mawimbi, na pale kiunoni upande wa ndani ndio unaovutwa zaidi. Nyuzi zilikuwa zimeinuka, zimebanduka kama ngozi kando ya ukucha, katikati kabisa ya jina.

Hakulazimisha. Wala hakuling'oa lile ganda lililoinuka, maana likitoka limetoka. Aliacha ubao upoe, akadondosha supaglu chini ya ganda tone kwa tone, akalaza kipande cha nailoni juu, akabana kwa kibao alichokichonga kufuata mkunjo. Asubuhi alifungua. Nyuzi zilikuwa zimelala na kushika vizuri, lakini gundi ilikuwa imefurika na kukauka juu ya herufi, kigaga chenye kung'aa.

Angeweza kukiacha. Ndani ya gitaa nani huchungulia? Alisimama na msasa mkononi, akamkumbuka yule mzee na koti lake. Labda Mungu ndiye aliyeinua nyuzi pale pale ili amwonyeshe njia. "Asante, Baba," akasema, akasugua gundi pamoja na herufi mpaka mahali pale pakawa laini kama shavu la mtoto.

Jumamosi Nailantei alifika, akasalimu kwa Kimaasai.

"Supa, fundi."

"Ipa, mama Soipan. Njoo uone vile umekubali! Ulitaka kunishinda, huu. Mgumu kama mwenyewe."

Nailantei alicheka kidogo, akafuta mikono kwenye shuka, akaupokea ubavu na kuugeuza. Vidole vyake vilipita kiunoni, vikarudi, vikapita tena.

"Huu sio wenyewe."

"Ni wenyewe, mama."

"Baba Soipan aliandika hapa. Aliniambia, nimeandika ndani, hakuna mtu ataona, ni mimi na wewe."

Mulinge alieleza kuhusu nyuzi na gundi. Sauti yake ilipungua kadiri alivyosema. "Na tena nikafikiria, kwenu jina la aliyeenda..."

"Hatulitaji, fundi. Nani alikuambia hatuliangalii?"

Mulinge alimvutia stuli, lakini hakukaa.

"Alienda ngumbaru kujifunza kuandika mwaka mzima, ametoka kwa mawe amechoka. Nilikuwa namcheka. Mzee mzima anabeba daftari kama Soipan! Kitambulisho alitia kidole. Cheti cha ndoa, kidole. Na hilo daftari lilikuwa kwa begi, lilibaki huko chini ya mawe." Aligusa pale laini. "Mkono wake ulikuwa umebaki hapa peke yake."

Kisha akauliza, kwa upole uliomuumiza Mulinge kuliko matusi, "Unga wake uko wapi?"

"Unga gani?"

"Ule ulitoka ukisugua."

Mulinge alitazama sakafu aliyokuwa ameifagia vizuri sana. "Nilifagia pamoja na maranda. Nikawashia jiko."

Nailantei aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa.

"Nisamehe, mama Soipan. Niliomba kabla ya kushika. Nilidhani nimesikia jibu."

"Nimekusamehe. Mimi pia niko na Yesu." Alivua shuka la juu, akauviringisha ubavu ndani yake pole pole, asivunje mkunjo. "Lakini usimalize."

"Na gitaa?"

"Hakuna gitaa, fundi."

Alitoka akiwa amekumbatia kile kifurushi. Mulinge alibaki mlangoni mpaka alipopotelea upande wa barabara ya Namanga. Aliporudi ndani alipiga magoti kando ya meza, akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu aokoke hakujua aanzie wapi.