Kitufe cha Kuruka Mwendo

Goti la Koplo lilivunjika korongoni siku ya mazoezi, na hakuna adui aliyemgusa. Alikuwa anakimbia na begi zito mgongoni ili awahi kilima ambacho, kwenye mchezo wa kompyuta, alikuwa anakifikia kabla chai haijapoa.

Sajini ndiye aliyemshika kichwa wakati wanamngoja daktari. Kazini, Koplo alimwita "afande" kama wenzake wote. Siku hiyo, meno yakiwa yameumana kwa maumivu, alisema, "Mjomba, usimwambie mama." Kama kuna askari aliyekuwa hajui kwamba huyu ni mtoto wa dada yake Sajini, akajua hapo.

Mambo yalianza mafuta ya magari yalipopunguzwa. Platuni ikawa haitoki kambini. Kapteni, kijana msomi asiye na majivuno, akaenda dukani akanunua mchezo wa vita, ule ule wanaocheza vijana wa mtaani, akauweka kwenye kompyuta katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro.

"Afande, hiki ni kichezeo," Sajini alimwambia bila kuzunguka.

"Na mpira je, Sajini? Si wewe ndiye kocha wa timu ya kambi?"

Sajini akaenda kuwaita askari.

Na ukweli usemwe, mchezo ulisaidia. Zamani watu walirukiana maneno kwenye redio kama abiria wanaogombea kiti. Sasa mmoja anasema, mwingine anajibu, yameisha. Hata askari mmoja mnene waliyemwita Mzigo, ambaye vidole vyake vilitangulia akili, aliuawa kwenye kioo cha kompyuta mpaka akajifunza kujibanza ukutani.

"Nimezikwa asubuhi, nimezikwa tena sasa hivi," alilalamika. "Rambirambi zangu nani anazila?"

Koplo ndiye aliyekuwa moto. Bunduki kubwa aliiweka upande mmoja ipige, yeye na watu wake wakazunguka kupitia korongo, na bunduki ikinyamaza tu, wameshamvaa adui. Kapteni alisema akifanya vile vile uwanjani, anampeleka kozi ya usajini. Sajini alimlea kijana yule tangu shemeji yake alipofariki, na kozi hiyo aliitaka kuliko Koplo mwenyewe.

Kasoro ilikuwa moja tu, na wote waliiona wakaipenda. Kwenye ule mchezo, vikatuni vinatembea kwa mwendo wa binadamu. Kutoka kambini mpaka kilimani unakaa unatazama migongo ya watu. Inachosha. Lakini kuna kitufe cha kuruka mwendo, na kilikuwa kwenye mashine ya mkufunzi, yaani ya Sajini.

"Afande, tupeleke!" Mzigo angepaza sauti, na Sajini angebonyeza. Hao, wako chini ya kilima, hawana hata jasho. Vita vianze.

Siku ya mazoezi yenyewe, Koplo alipanga saa zake kama alivyozoea. Akakubaliana na wapiga bunduki muda wa kupiga na muda wa kunyamaza. Sajini alikuwa nyuma yake kama msimamizi, haruhusiwi kufungua mdomo. Korongo lilikuwa na matope yanayonasa mabuti, na baada ya matope, mawe yasiyotulia. Sajini akamwona Koplo anatazama saa. Akamwona anaitazama tena. Kule juu bunduki ikaanza kupiga, na wao hawajafika hata nusu. Koplo akaanza kukimbia. Sajini alijua mawe yale yatamfanya nini mtu mwenye begi, na aliheshimu amri ya kunyamaza mpaka aliposikia ukelele.

Baadaye Kapteni alimwita ofisini.

"Kwa hiyo ulisema kweli. Ni kichezeo. Niuondoe?"

Sajini angeweza kuitikia tu, akaonekana mtu aliyeona mbali.

"Hapana, afande. Mchezo haukutudanganya. Wenyewe ulitaka tutembee. Sisi ndio tulikataa, na kidole kilikuwa changu."

Kapteni akashusha pumzi. "Mimi pia nilikuwa nakuambia uharakishe."

"Ulikuwa unaniambia, afande. Tena sana."

Mchezo ukabaki. Siku hizi wanaucheza wakiwa na mabegi mgongoni, na vikatuni vikitembea, wao wanasimama mpaka vifike.

"Afande, nihurumie," Mzigo analia. "Huyu wa kwenye kioo hachoki!"

"Ndiyo maana umesimama wewe."

Habari za goti, Sajini alizipeleka mwenyewe kwa dada yake. Dada alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akauliza jambo moja.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma yake."

Dada akaurudisha mlango taratibu, bila kelele.

Gharama ya kitufe kile ni hii. Goti moja, la kulia, lisilokunjika tena. Nafasi ya kozi, amepewa mwingine. Sare za Koplo, zilizorudishwa stoo zikiwa zimepigwa pasi. Na mtoto wa dada ambaye sasa yuko uraiani, lakini akikutana na Sajini, hata sebuleni kwa mama yake, humwita afande.