Meseji Hamsini na Tatu Ndani ya Rauta

...waya au dishi, dada Atusaye, mimi nakusikiliza wewe tu, anasema Meshack kwa mara ya tatu, fomu ameilaza mezani kati ya stepla na mashine ya fotokopi, kalamu juu yake, kilichobaki ni saini yangu tu, na mimi simsikii vizuri, maana macho yangu yako kwenye kompyuta, kwenye ukurasa wa rauta alioufungua mwenyewe sasa hivi ili anionyeshe jinsi intaneti ya duka langu inavyotambaa, ona dada, ona hizi namba, aibu, halafu akaona kibahasha pale juu chenye hamsini na tatu, akacheka, kumbe una meseji hamsini na tatu hujasoma, nikamwambia acha utani wako, rauta nayo inapokea meseji, akasema si ina laini ndani, laini ni laini tu, hata ukiichomeka kwenye pasi ya mkaa itapokea, akabonyeza, zikashuka, matangazo, matangazo, shinda pikipiki, bando lako limeisha, matangazo, halafu hiyo... Hongera MBOJE BUNDALA, umechaguliwa kujiunga na chuo zaidi ya kimoja, tumia namba hii ya siri kuthibitisha chuo kimoja kabla ya tarehe... na tarehe yenyewe ni ya mwaka jana, mwezi wa tisa, Mungu wangu, mwezi wa tisa wa mwaka jana na sasa tuko Julai, na Bundala mwenyewe, baba yake Mboje, amekaa pale kwenye benchi mlangoni, koti zito, fimbo katikati ya magoti, ananisubiri kwa adabu zake zote nimalizane na huyu mtu wa intaneti.

Dishi, Meshack anaendelea, halina habari na nguzo, linavuta juu moja kwa moja, umeme ukiwepo wewe uko hewani, upepo wenu wa huku juu tutauwezea kwa bolti nne, ila mbio zenyewe ziko kwenye waya, tatizo nguzo ya mwisho imeishia kwa jirani yako wa steshenari ng'ambo ya barabara, kwa Kristiana, itabidi usubiri kidogo waivushe... Kwa Kristiana. Kwani mimi sioni, naiona kila asubuhi nikifungua mlango, ile nguzo, ule waya mweusi unaoingia dirishani kwake, na ile foleni, watoto waliomaliza kidato cha sita na baba zao na bahasha zao za kaki, wanapita mlangoni kwangu bila hata kugeuza shingo, kwake ukurasa unafunguka, kwangu unazunguka, miezi sita nimekuwa mwendawazimu wa mbio za intaneti, nauliza kila mtu, mume wangu Tito anasema chukua waya, mchungaji anasema dishi, wifi yangu aliyeko Mbeya anasema we badilisha laini tu basi yaishe, na mimi laini nilishabadilisha, ndiyo, nilibadilisha, hapo ndipo penyewe... tulia, Atusaye, tulia ukumbuke vizuri, usijidanganye.

Mwaka jana Julai kama hii, baridi kama hii, Bundala aliingia na binti yake kutoka Mpui, wale Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao zamani wakalima wakakaa, akanisalimu kana kwamba mimi ni mtu mkubwa, mwalimu, tumekuja, akaniita mwalimu kwa sababu nakaa mbele ya kompyuta, nami sikumsahihisha maana nilipenda, na Mboje mrefu, amevaa sweta la shule lililofupika mikono, anaongea akiangalia vidole vyake, lakini nilipomuuliza kozi aliinua uso, uuguzi, nikamwambia weka na ya pili, ukunga, weka na ya tatu, akafikiri, akasema dada, ya tatu weka tena uuguzi chuo kingine, tukacheka wote, hata baba yake. Namba ya simu? Hana, kitambulisho bado hajapata. Ya baba? Kisimu cha kitochi, tena kina chaji siku ya gulio tu. Nikafanya kama tunavyofanya wote wenye steshenari mji huu, maana wateja wetu wametoka Mwimbi, wametoka Kipili, wengine kwao mtandao unaupata ukipanda juu ya kichuguu, nikaweka namba ya duka, namba yangu moja kwa watu arobaini, nikawaambia nendeni nyumbani mkalale, meseji ikija ninayo mimi, nitapiga, nisipowapata nitatuma salamu kwa dereva wa gari la Mpui, na kweli nilikuwa natuma, Mungu shahidi, miaka mitatu hakuna hata mmoja aliyekosa.

Halafu Agosti intaneti ikanitesa, nikanunua hii rauta, na laini yenye bando nzuri ilikuwa hiyohiyo ya duka, nikaitoa kwenye simu kwa mkono wangu, naikumbuka hata pini ya nywele niliyoitolea, nikaichomeka kwenye rauta, kwenye simu nikaweka laini mpya, taa ya kijani ikawaka nikapiga makofi peke yangu humu ndani, sikufikiri, jamani, hata dakika moja sikufikiri kwamba namba ya watu arobaini nimeitia kwenye kisanduku kisicho na kioo wala mlio, na simu yangu ikabaki mfukoni kimya, nami naiangalia kila siku, hakuna meseji, hakuna meseji...

Dada, uko? anauliza Meshack. Niko. Basi hizi nizifute, zimejaa, ni takataka tu, halafu tujaze fomu, nina mteja mwingine saa tano. Mkono wake uko kwenye mausi. Naona neno Futa zote. Hajaisoma ile moja, kwake zote ni matangazo, na kwa nini asome, yeye anauza dishi. Subiri kidogo, namwambia, nafikiria. Anadhani nafikiria waya.

Ningekuwa nimekosea hapo tu ningejisamehe, laini nani asiyesahau, lakini alikuja, huyu mzee alikuja, mwishoni mwa mwezi wa kumi, amebeba kidumu cha maziwa mgando, akaniuliza mwalimu, binti yetu vipi, na nenosiri la Mboje lilikuwa kwenye kaunta buku pale chini ya meza, ningefungua akaunti yake ningeona, ila ukurasa ulizunguka, umeme ulikuwa unakatika na kurudi, watu sita nyuma yake wananuna, mimi nikatoa simu, nikaangalia, nikasema baba, angekuwa amechaguliwa wangetuma meseji, hajachaguliwa. Hajachaguliwa. Nilivyolitamka, kama mtu anayejua. Akauliza kwani kosa lake ni lipi, nikasema si kosa baba, ushindani ni mkubwa mwaka huu, ushindani, mimi nimeujulia wapi ushindani, akasema haya, wabeja mwalimu, asante ya Kisukuma, akaniachia maziwa yake vilevile, na jioni tukayala na ugali, Tito akasema Wasukuma wanajua maziwa, nami nikaitikia nikiwa nimeshiba.

Na asubuhi hii kabla Meshack hajaingia, mzee kaniambia nini? Nilimwamkia shikamoo baba, Mboje hajambo, nikamuuliza kwa nini hukuja naye, akapangusa uso, akasema hataki, mwalimu, amekataa kabisa, nimekuja mwenyewe, mjaze tu hivyohivyo, anasema yeye hana akili, anasema watu wa vyuo wameshamjibu, daftari zake za baiolojia amewagawia wadogo zake wanachorea ng'ombe, mama yake akimgusia shule anatoka nje. Hana akili! Mtoto mwenye daraja la kwanza kutoka shule ambayo maabara yake ina kufuli miaka yote, mtoto aliyechaguliwa, si chuo kimoja, zaidi ya kimoja, walikuwa wanamgombea na yeye hajui, mwaka mzima anaamka Mpui kwenye huo umande anaamini kichwa chake ni kibovu, na aliyemwambia ni mimi, Atusaye, mama wa kanisani, mwimba alto.

Sasa fikiria. Meshack akizifuta, nani atajua? Hakuna. Dirisha la maombi ya vyuo liko wazi, alama zake ni zilezile, namjaza upya leo hii, kwa uangalifu, naweka namba ya Tito, bure kabisa simtozi hata fotokopi, atachaguliwa tena, ataenda, baba atafurahi, nani ameumia? Hebu nijibiwe, nani? ... Ila hatakuja kuthibitisha. Si amekataa. Mtu aliyeamini hana akili ukimpelekea namba ya siri ataifanyia nini, atasema wamekosea jina, namjua, yule alikuwa anaangalia vidole vyake, na hata akienda ataenda na hilo neno kifuani, ataingia wodini nalo. Na nikisema? Nikisema, siku ya gulio Mpui yote itajua, itafika Mwimbi, itafika Kipili, yule Mnyakyusa wa steshenari alikalia jina la mtoto wa watu mwaka mzima, nani ataniletea cheti cha mwanawe tena, wote watavuka barabara kwa Kristiana, waya au dishi nitamfungia nani, watoto wangu wanakula hapa, ada yao inatoka kwenye hii meza. Na hao wengine? Hamsini na tatu, hata zikiwa matangazo arobaini, je, hizo nyingine... naona jina la Flavian, Flavian yupi, wa Mwimbi, nilimwambia nini huyo... oh Mungu wangu, sitaki kushuka chini zaidi.

Mtandao uko chini. Hiyo ndiyo sala yangu, nimeisema mara ngapi, mama mtandao uko chini, baba njoo kesho mtandao uko chini, hadi nikaamini kwamba kila kibaya kinachotoka humu dukani kimetoka hewani, na miezi sita nimetafuta wa kumlaumu, kampuni hii, kampuni ile, mnara, upepo, nguzo ya Kristiana, nikaita watu waje wanipimie, na leo mtu amekuja amepima, na hii hapa, meseji ilifika. Ilifika siku yake, saa yake, kwenye hiyohiyo laini niliyokuwa naitukana. Mtandao haukuwa chini. Mimi ndiye sikufungua akaunti, dakika tano, mimi ndiye niliona foleni nikaona mzee wa watu anaweza kuambiwa lolote, angekuwa mke wa mkuu wa idara ningemfungulia, ningesubiri umeme, ningemwekea na kiti... ndiyo, sema, ningemwekea kiti. 

Nizifute, dada? Usifute. Sauti imetoka kali mpaka Meshack ameondoa mkono kwenye mausi kama imemuunguza, haya haya, sijagusa, anasema, ila fomu je, na mimi nimegeuka mlangoni, Baba Mboje, njoo hapa baba, sogea, na yeye anainuka polepole, anavua kofia, anavuta miguu kati ya benchi na marundo ya karatasi, nami nageuza kompyuta imwelekee ili asome mwenyewe, nimepata nafuu kidogo, asome mwenyewe, nisitamke, halafu namwona anavyokiangalia kile kioo, kwa heshima, kama mtu anayeangalia picha ya mgeni, na nakumbuka mwaka jana kwenye fomu ya mzazi aliweka dole gumba. Hasomi. Hakuna wa kunisaidia hapa. Imeandikwaje, mwalimu? ananiuliza.  Naanza, Hongera Mboje Bundala, umechaguliwa kujiunga na chuo zaidi ya kimoja... na hanisubiri nimalize, fimbo imeanguka, ameukamata mkono wangu kwa mikono yake miwili, wabeja, wabeja mwalimu, nilisema mimi, nilimwambia mama yake huyu mtoto si mjinga, leo leo hii wamejibu, hata hatujajaza wamejibu, na Meshack naye anacheka, hongera mzee wangu, unaona intaneti hiyo, nami nasema baba, subiri baba, haijaisha, baba nisikilize, lakini ameshatoa kitochi chake ndani ya koti, siku hizi mama yake naye ana simu, anasema, asikie mwenyewe, asikie kwa mdomo wako wewe, mimi hataniamini, na inaita, naisikia inaita, baba subiri, na imepokelewa, anapiga kelele za Kisukuma zenye jina la Mboje ndani, anacheka, analia, halafu ananibandika simu sikioni, ya moto, inanuka moshi wa nyumbani kwao, na kule upande wa pili pumzi ya mtu aliyekimbia, halafu sauti ndogo, shikamoo dada, ni kweli? na fomu ya Meshack iko palepale, na mimi bado sijaisoma tarehe.