Abiria Aitwaye Sikujua

Programu ya gati letu la Mkongoni ilimwamini kila mtu mpaka siku kiboko alipojiandikisha safari. Nasema kiboko na sirudi nyuma. Alipanda kutoka majini asubuhi ya ukungu, akaikuta kompyuta peke yake juu ya meza ya kibanda, akaweka pua kwenye vitufe, akapumua. Biasha aliporudi na chai yake akakuta abiria mpya kwenye orodha: jina hhhhjjjj, umri 77, anakwenda jjj. Programu ilikuwa imempokea, imempa kiti cha mbele na kumtakia safari njema.

Biasha ndiye karani wa gati. Yeye anasema abiria yule alikuwa paka. Lakini paka hapulizi maji kwa pua, na ile meza mpaka leo inanuka tope la mtoni.

Programu yenyewe niliiandika mie, Gharibu, mstaafu. Nilizaliwa vilima vya Wamatumbi, nikakulia Nyamwage kando ya barabara ya Lindi, nikamaliza ujana wangu nikitengeneza pampu za maji za watu. Nilipostaafu nikahamia Kibiti, mwanangu akaniachia laptopu yake ya zamani, nami nikajifunza mwenyewe, kama mtu anavyojifunza kuogelea baada ya kusukumwa. Wenye boti zinazoshuka delta waliposikia nina ujuzi huo wakaniomba niwatengenezee orodha ya abiria. Jina, umri, unakokwenda, basi. Boti ikipatwa na jambo, tujue nani wa kutafutwa.

Shida ilikuwa watu wetu. Ukiwauliza swali, wanaijibu mashine kama wanavyomjibu jirani. Umri? Mtu anaandika “mtu mzima sasa”. Mwingine anajipima na nahodha wetu, “nimempita Haidari kidogo”. Unakwenda wapi? “Nyumbani.” Siku ya kwanza programu ilipopewa “mtu mzima sasa” mahali ilipotarajia namba, ilisimama katikati ya kazi, kioo kikawa cheupe, kimya, kama mtu aliyeulizwa jambo zito usingizini. Tulikaa tukaitazama. Maji yalikuwa yakipita chini ya mbao za gati, na mie ninaapa niliisikia ikivuta pumzi.

Basi nikaanza kuiwekea milango. Umri ukawa namba tu, tena namba ya binadamu. Bwana mmoja wa Umwe aliyejipa miaka mia tatu akarudishwa kwa heshima. Unakokwenda ukawa wa kuchagua, vijiji vyote vya delta vimepangwa hapo, unagusa chako. Lakini jina? Jina lina mlango gani? Jina mtu anakuja nalo. Na vijana wanaokuja na misemo ya Dar walikuwa wakiandika “Sijui”, “Sina”, “Hakuna”, “Bosi wa Mto”, halafu wanagongana mabega kwa kicheko. Nikakasirika. Nikakaa nikakusanya kila jibu la kukwepa ninalolifahamu: sijui, sikujua, sina, sikumbuki, hakuna, hayakuhusu. Nikaiambia programu: ukiletewa mojawapo ya haya, kataa, tena kwa maandishi mekundu. HILO SI JINA. ANDIKA JINA LAKO.

Mchana wake nililala kidogo kwenye mkeka nyuma ya kibanda. Niliota nimo kwenye mkondo mwembamba, mikoko imeinama huku na huku, maji yametulia kama mafuta. Kwenye mizizi yalikuwa yamenata yale majibu yote tuliyoyarudisha, kama chaza. Nyumbani. Mtu mzima sasa. Nimempita Haidari kidogo. Maji yakipanda yanafungua midomo, yakishuka yanafumba. Nikanyoosha mkono nichume moja nione ndani lina nini, likanikata. Nilipoamka kidole kilikuwa kinatoka damu.

“Umelalia kopo,” alisema Biasha.

Yeye kila jambo ana kopo lake au paka wake.

Siku ninayoisimulia ukungu uligoma kuondoka. Ulikaa juu ya maji, boti ya Haidari ikawa inaonekana nusu, kama imechorwa na mtu aliyechoka katikati. Safari ile ilikuwa ya kijiji cha ndani kabisa, ambako mlango wa mkondo unapitika maji yakiwa yamejaa tu. Ukichelewa unalala kwenye tope na kaa. Ndipo akaja mama mmoja na kapu kichwani, kanga mbili mpya zimekunjwa juu yake, vidole vimeiva hina. Alikuwa rika langu, hatua zake za mtu aliyekwisha kuamua.

“Karibu, bibi. Jina lako?” Biasha alimwuliza, mikono juu ya vitufe.

“Sikujua.”

“Hukujua nini?”

“Sikujua.”

“Bibi, nauliza jina. Jina lako mwenyewe.”

“Nami nakutajia. Sikujua binti Kondo, natoka Dimani. Weye mwanangu, masikio yako yameingia maji?”

Biasha akaandika. Kibanda kizima kikawa chekundu kwa yale maandishi yangu. Akaandika tena, polepole, herufi moja moja, kama mtu anayembembeleza mbuzi. Nyekundu. Akaongeza w, Sikujuwa. Nyekundu, mlango huo nao nilikuwa nimeshauziba, kwa ujanja wangu.

“Mzee Gharibu,” akaita, “njoo huku. Programu yako imemkana mtu.”

Nikaja nikacheka. Yule mama akanitazama kuanzia kandambili mpaka kofia.

“Huyu ndiye aliyeitengeneza?”

“Ndiye.”

“Mmatumbi?”

“Wa asili,” nikasema.

“Nilijua tu. Mtani akikosa mtu wa kumnyima, anakifundisha chuma kimnyimie. Wenzako huko milimani wanaitana Jiwe na Mkungu, hakuna anayewakataza.”

“Bora Jiwe, mtani, tunajua liko wapi. Weye ukiitwa njiani, watu wanadhani anayekuita anaomba radhi.”

Alicheka kidogo, lakini macho yake yalikuwa kwenye boti. Akaweka kapu chini. Binti yake Mwanahalima, akasema, ameolewa kule, amejifungua mtoto wa kike, na kesho asubuhi ndiyo anapewa jina. Tangu siku ya posa wazee walikubaliana kwamba wa kwanza wa kike atachukua jina la bibi mzaa mama. Lakini bibi mwenyewe awepo, alitoe kwa mdomo wake mbele ya shehe. “Asipofika, upande wa baba wana lao wameshalipiga pasi. Tasnim. Jina zuri, sikatai. Lakini si langu.”

“Maji yanakaribia kusimama,” Haidari akasema kutoka ndani ya ukungu. Sauti yake ilifika kabla ya uso.

“Tuandike Ashura,” Biasha akanong'ona. “Bibi, tuandike Ashura tu, upande, ufike. Jina lako utalikuta hukohuko.”

“Mwanangu, hii orodha ni ya nini?”

“Ya kutafutana, tukizama.”

“Basi nikizama mie, mtamtafuta Ashura. Ashura atakutwa kwao anakoroga uji, mtasema alhamdulillahi, wote wazima.”

Biasha akaondoa mikono kwenye vitufe. Haidari naye hapakii mtu ambaye mashine haijamtaja, hata angekuwa mama yake, tangu alipozunguka mikondo kutwa nzima akimtafuta abiria ambaye kumbe hakupanda. “Mzee,” akaniambia, “mie nangoja maji, si watu. Yakianza kutoka, naondoka.”

Nikavuta kigoda, nikaifungua programu yangu. Kulifuta lile neno kwenye orodha ya makatazo kulikuwa kazi ya kupepesa jicho. Lakini mkono ukasita. Nikilifuta, kesho wale vijana watarudi na sikujua zao, na boti itakwenda delta imejaa watu wasiojijua. Nikaliacha nikalitazama. Neno moja, herufi zilezile. Likitoka kwa huyu ni uongo, likitoka kwa yule ni mtu mzima amesimama mbele yako na kapu. Na programu haina macho.

“Ulipewaje jina hili, mtani?” nikamwuliza, mikono ikingoja.

“Mnataka na hadithi? Maji hayo.”

“Inanisaidia kufikiri.”

Akakaa juu ya gunia la chumvi. “Mama alijifungua, wakamfunga mtoto, mkunga akanawa mikono. Huyo wa kwanza, Mwanasiti, Mungu amrehemu, hakukaa duniani. Halafu mama akashikwa tena. Mkunga akasema, mbona yuko mwingine, mama hukusema? Mama akasema, sikujua. Baba alikuwa nje ya ukuta wa udongo. Akaita, na huyu wa pili anaitwa nani? Mama bado anamjibu mkunga: sikujua, sikujua mie. Baba akashika njia mpaka kwa shehe. Aliporudi jina limeshasomewa dua.”

“Hakuuliza tena?”

“Angeuliza tena, leo ningekuwa Mwanaamina, nimeshapanda boti, nimeshakula muhogo wangu.”

Ukungu uliingia kibandani, ukakaa kati yetu kama mgeni. Nilimwona yule baba, kijana bado, shuka begani, anakwenda mbio kwenye njia ya mpunga amelibeba jibu ambalo halikuwa jibu, analishika kwa mikono miwili lisimwagike. Aliingiza kisicho sahihi, na kikawa sahihi. Dua ikakikubali. Kikakua, kikaolewa, kikazaa Mwanahalima. Na mie hapa na mlango wangu mwekundu nakiambia hakipo. Yeye kosa lake ni kupokea bila kuuliza. Langu ni kukataa bila kuuliza. Sote wawili tulikuwa na haraka.

Nikaanza kuandika. Pale nilipokuwa nimesema kataa, nikaandika uliza. Neno likiwa miongoni mwa yale, usimfukuze mtu; mwoneshe alichokiandika, mwulize kama ndilo jina lake, mwache achague ndiyo au hapana. Wa mzaha ataona haya, au atacheka achague hapana. Na akichagua ndiyo, basi amejibeba mwenyewe.

Nikaiwasha. Ikazimia. Kioo cheupe.

“Imekufa?” Biasha akauliza.

“Inafikiri.”

“Mzee, maji yamesimama,” Haidari akasema. Tukasikia injini ikikohoa, ikashika. Abiria waliomo walikuwa wakisogeza mizigo.

Bi Sikujua alikuwa ameshika kanga moja kwa ncha, anaikunja na kuikunjua, na midomo inakwenda bila sauti. Nadhani alikuwa anakariri jina lake, lisije likamponyoka. Nami macho yangu yalipita mstari kwa mstari, juu mpaka chini, chini mpaka juu, na mistari ilianza kuyumba kama fito za mikoko zinavyoyumba ukizitazama majini. Kisha nikaliona: mabano niliyoyafungua nikasahau kuyafunga. Mlango mwingine, sasa uko wazi badala ya kufungwa. Nikaufunga. Nikaiwasha tena.

Biasha akaandika jina. Kioo kikatulia. Halafu, kwa rangi nyeusi ya kawaida, kikauliza: SIKUJUA NDILO JINA LAKO?

Chini yake vitufe viwili. Biasha akanyoosha kidole. Yule mama akausukuma mkono wake, taratibu.

“Nimeulizwa mie.”

Akasogea karibu mpaka mwanga wa kioo ukamkaa usoni. Injini ilikuwa inanguruma, Haidari amekwisha kulegeza kamba, na yeye amesimama anasoma lile swali kama barua iliyotoka mbali.

“Umri wote huu,” akasema, “hakuna aliyepata kuniuliza hivi.”

Akagusa NDIYO kwa kidole cha hina.

Tulimkimbiza. Biasha na kapu na orodha aliyoinakili karatasini, mie na kanga, Haidari akamnyakua kwenye ubao boti ikiwa imeanza kuachana na gati. Kisha kama desturi yake akasoma orodha kwa sauti kabla ya kugeuza, jina baada ya jina, na kila mmoja akaitikia. Alipofika mwisho akasita, akasogeza karatasi machoni.

“Sikujua?”

“Nipo,” ikajibu sauti kutoka kwenye ukungu, na boti yote ikacheka, na kicheko kikaendelea kuja juu ya maji hata baada ya boti kupotea.

Haidari alirudi baada ya bamvua iliyofuata, yaani maji makuu. Alikuwa amelala kulekule, na asubuhi alikaa barazani kwa wenye mtoto, anangoja pilau. Alisikia kila kitu kupitia ukuta. Shehe aliuliza jina, bibi mzaa mama akasema Sikujua. Upande wa baba wakakohoa. Bi mkubwa mmoja akasema basi kama hujui, sisi tunalo. Ndipo yule mama akasema, “Shehe, mwulize mtu mara ya pili.”

Shehe akauliza: “Sikujua ndilo jina?”

“Ndiyo,” akasema. Na nyuma yake Mwanahalima, aliyekuwa amenyamaza siku zote zile kwa kuwaogopa wakwe, naye akasema ndiyo.

Haidari anaapa kwamba vigelegele vilivyofuata viliwatoa kaa wote wa mkondo ule mashimoni, wakasimama kwenye tope wamenyanyua magando, safu kwa safu, mpaka mtoto aliporudishwa titini.

Hapo kwenye kaa ndipo anapotia chumvi. Mie sina tabia hiyo.