Trela ya Tisini na Moja

Verlene Stroud alikuwa amepiga magoti kwenye bafu la tatu, akisugua ile kona ambayo wageni hawaitazami, meneja alipogonga mlango uliokuwa wazi.

"Mama Verlene, ukimaliza pita ofisini. Kuna fomu."

"Fomu gani tena? Si nilijaza Novemba?"

"Ile ilikuwa ya wenye kambi wa zamani. Hii ya kampuni iliyoinunua."

Hakuinuka. Kona haikuwa imetakata, na yeye hakuwa mtu wa kuacha kona nusunusu eti kwa sababu meneja kaita.

Haya yalikuwa majira yake ya baridi ya nne katika kambi ya trela ya Palo Hondo, nje kidogo ya Yuma, Arizona. Makubaliano yalikuwa mepesi: asafishe vyoo na mabafu saa ishirini kwa wiki, naye apewe kiwanja cha kuegesha trela anayoishi, maji na umeme. Mshahara hakuna. Barabara zimejaa wazee wa namna hiyo. Wengine waliuza nyumba zao kwa hiari ili watembee. Wengine nyumba zao ziliuzwa na benki wakiwa bado wamekaa ndani. Verlene alikuwa wa kundi la pili na hakuwahi kulificha. Bili za hospitali zilipomaliza nyumba, na mumewe Roscoe akafa hata hivyo, yeye alibaki na pikapu, trela ya mwaka 1991 na jina lisilo na doa. Kiangazi alilinda kambi ya wavuvi huko Idaho, vuli alichambua viazisukari Dakota Kaskazini, baridi ikibisha hodi alishuka Arizona. Pensheni yake iliishia kwenye mafuta, matairi na dawa. Lakini hakuwa na deni la mtu.

Alipotoka nje alimkuta Harlan Pruett kakwama. Harlan, mjane mwenzake mwenye maneno mengi, alikuwa na trela ya miaka miwili, ndefu kama darasa la shule, na mwezi wa pili huu alikuwa bado hajajua kuirudisha nyuma. Sasa ilikuwa imekaa mshazari katikati ya njia, na magari mawili yakipiga honi.

"Kata kulia, Harlan! Kulia kwako, siyo kulia kwa mbwa wako!"

"Dada yangu, hili dude halinisikilizi!"

"Shuka hapo."

Akapanda yeye, na vitambaa vya kufutia vyoo bado vinaning'inia kiunoni. Akatazama kioo cha kushoto, kisha cha kulia, akazungusha usukani kidogo tu, na lile dude likaingia kiwanjani mara moja, taratibu, bila kugusa hata jiwe. Mmoja wa waliokuwa wakipiga honi akapiga makofi.

"Paa limeacha kuvuja?" Verlene aliuliza akishuka.

"Wapi! Mvua ya Jumanne imenilalia kitandani kama mke." Harlan alicheka. "Mimi sijali. Hili ni la benki, bado miaka kumi na miwili kulipa. Mimi ni mlinzi tu, tena mlinzi anayelipa kulinda."

Ofisini, meneja Oyler, kijana mpole wa miaka thelathini na kitu, alimsogezea kiti.

"Mama, ni hii sheria ya miaka kumi. Trela iliyopita miaka kumi hairuhusiwi tena kukaa hapa."

"Sheria ya serikali?"

"Ya kampuni. Wanataka mbele ya kambi papendeze."

"Mimi nina sabini na moja. Na mimi mnaniondoa papendeze?"

Oyler akajaribu kucheka, ikashindikana. "Mimi situngi, mama. Natekeleza."

"Umewahi kuingia ndani ya trela yangu. Uliona tone la maji? Uliona kutu? Harlan yuko safu ya mbele na amelala na ndoo ya kukinga mvua."

"Najua." Akachungulia mlangoni, akashusha sauti. "Sikiliza. Andika 2017. Picha ya trela wanayotaka nitapiga mwenyewe, kwa mbali. Nikuweke kule nyuma ya mapipa ya taka, barabarani huonekani. Kazi yako unaendelea nayo. Nani atajua?"

Ulikuwa wema, na Verlene aliuona. Akalifikiria jangwa la serikali lililokuwa ng'ambo ya barabara kuu: kukaa bure, ila siku kumi na nne tu kisha uhame, maji hakuna, umeme hakuna, na friji yenye insulini yake itategemea gesi, na mtungi wa gesi umepanda bei mara mbili tangu Oktoba. Akachukua kalamu. Akaandika jina. Akaandika namba ya gari. Alipofika kwenye mwaka, mkono ukasimama.

"2017 Roscoe alikuwa mwaka wa pili kaburini," alisema.

"Samahani, mama?"

"Zile kabati zote alizichonga yeye. Sakafu aliilaza yeye, anakohoa huku anapiga misumari. Nikiandika 2017, hayo yote kafanya nani?"

Verlene akaandika 1991, tarakimu kubwa, zikatoka nje ya kisanduku. Oyler akaziingiza kwenye kompyuta, nayo ikakataa.

"Una mpaka Ijumaa," alisema, macho mezani.

"Zamu yangu inaisha saa sita. Nitaondoka saa saba."

Akarudi kwenye bafu la tatu, akalimaliza. Sinki liling'aa, sakafu ikakauka bila mstari. Saa sita ilipogonga alileta kapu, akaanza kuchukua vilivyo vyake: pazia la maua, kioo, kulabu sita za kutundikia nguo, mkeka wa mpira wa kuzuia wazee wasiteleze, chombo cha sabuni na sabuni yenyewe. Vyote alinunua kwa pesa yake, kidogo kidogo kila mwaka, baada ya kuomba na kuambiwa bajeti hairuhusu. Akafanya hivyo katika mabafu yote manne.

Oyler alimfuata mbio. "Mama Verlene, hivyo vitu ni vya kambi!"

"Vya kambi nimeviacha. Ingia uvione."

Akaingia. Palikuwa na bomba, choo cheupe kikitakata, na karatasi ya masharti ya kampuni ndani ya fremu ukutani. Hata kioo cha fremu yake Verlene alikuwa amekifuta.

Saa saba kasoro dakika chache trela ilikuwa imeshaunganishwa na pikapu. Harlan alisimama pembeni, kofia mkononi, macho mekundu.

"Sasa dude langu nani atanirudishia nyuma, dada?"

"Iite benki."

Njia ya kutokea haraka ilikuwa ile ya nyuma, kwenye mapipa. Verlene akapita safu ya mbele, mwendo wa mtu anayetembea, madirisha yote mawili wazi, hadi barabara kuu.