Matanga ya Kampuni Iliyo Hai

Mabonga alinifanya kichekesho mbele ya mume wangu, na hilo sikumsamehe. Nasema mapema ili mtu asije akadhani niliandaa matanga yale kwa kuipenda kampuni.

Ilikuwa sherehe ya kampuni ya kufunga mwaka kule Kaptagat, nyama iko motoni, madereva wameketi na familia zao. Wiki hiyo nilikuwa nimemweleza Mabonga, meneja wetu, kwamba wakulima wa Ainabkoi wanaacha mahindi na kupanda avokado, wengine wanafuga ng'ombe wa maziwa, na kwamba kampuni ya malori inayobeba mahindi pekee ijiulize itabeba nini miaka kumi ijayo. Niliomba tununue malori mawili yenye friji, tuanze kujaribu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, afisa wa mipango. Yeye akangoja watu washibe, akanifunga leso kichwani kama mpiga ramli, akaniwekea bakuli la maji mezani.

"Huyu ndiye nabii wetu," akasema. "Madam, hebu angalia hapo ndani utuambie, kesho mvua itanyesha?"

Watu walicheka wakashika mbavu. Mume wangu naye alicheka, kidogo, kwa adabu. Januari nikahamishiwa stoo ya matairi.

Miaka miwili nilikaa katikati ya matairi nikimchukia mtu mmoja kwa bidii. Nilimchukia nikinywa chai, nikamchukia hata kanisani. Wakati huo kampuni nyingine ilileta malori ya friji ikatunyang'anya wateja mmoja mmoja, na Mabonga akawa anasema ni uchumi tu, uchumi ni mbaya kila mahali.

Kisha Mzee Farah, mwenye kampuni, akachoka, akamwachia bintiye Najma usukani. Najma alikuwa na haraka. Alitaka siku nzima ya wafanyakazi wote kufikiria mbele, na mkataba wa Mabonga ulikuwa unaisha mwezi huo huo. Akauliza ni nani anaweza kuiongoza siku hiyo. Nilipanda ngazi za ofisi mikono ingali na weusi wa matairi.

"Tufanye matanga," nikamwambia. "Tuseme miaka kumi imepita, kampuni imekufa, tumekuja kuomboleza. Kila mtu anasimama anasema ni nini ilimuua."

Najma alikunja uso. "Kwetu Waislamu maiti anazikwa haraka, anaombewa, imeisha. Hakuna hotuba."

"Kwetu hotuba ziko. Na mtu akishapewa maiki kwa matanga, hata chifu hawezi kumnyamazisha."

Hapo ndipo nilipoweka tumaini langu. Waite watu wetu wa magharibi mwa Kenya kwenye mkutano uwaulize kuna shida gani, watakwambia hakuna shida, bosi. Waketishe matangani, watakutajia aliyeua na alivyoua. Nilitaka Mabonga aondoke, na aondoke akiwa amesikia sababu kwa masikio yake, mbele ya watu wale wale waliocheka.

Nikakodi hema na viti vya plastiki, tukaviweka uani karibu na gereji. Picha ya lori la kwanza la Mzee Farah niliizungushia utepe mweusi. Chai na mkate vilikuwepo. Mabonga nilimweka mstari wa mbele, mahali pa jamaa wa marehemu, naye akaketi akitabasamu kama mgeni wa heshima.

Mwanzoni ulikuwa mchezo. Hamza, fundi wa magari, alisema marehemu aliuawa na dizeli, alikuwa anakunywa kupita kiasi, na watu wakacheka. Lakini Wanyama, dereva wetu mkongwe, aliomba wimbo kwanza. Wakaimba, na wimbo wa matanga ukishaimbwa watu wetu hawajui tena kuigiza. Akavua kofia, akashika kipaza sauti.

"Mimi nimejua marehemu tangu akiwa na lori moja," akasema. "Huyu hakuugua. Huyu alinyimwa chakula. Maziwa ilikuwa inapita kwa barabara yetu, avokado inapita, sisi tunaangalia tu. Na kuna mtu alisema. Akafungwa leso, tukacheka. Hata mimi nilicheka. Lakini yule alimfunga hiyo leso ndiye aliua marehemu, na ameketi hapo mbele."

Baada yake wakasimama wengine, kila mmoja na lake. Dereva aliyeambiwa kwamba kufikiria si kazi yake. Karani aliyeonywa asilete maswali mkutanoni. Mabonga alinyoosha mkono apewe kipaza sauti, na Wanyama akamwambia kwa upole, "Jamaa wa karibu husema mwisho, bosi." Nilitazama jasho likishuka shingoni mwake. Nilifurahi, sitawadanganya. Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga, na waliokuwa karibu nami wakadhani nimeguswa.

Zamu yake ilipofika alisimama, akakisukuma kando kipaza sauti. Akatoka uani akiacha koti lake kitini. Najma hakumwita.

"Mkataba wake siongezi," akaninong'oneza. Kisha akachukua kipaza sauti, akanigeukia. "Nimesikia yote. Sasa, Madam Rosebella, wewe ndiye uliona mbele. Lakini hiyo ya malori ya friji wenzetu washachukua. Tuambie, kuanzia kesho, tufanye nini ndio tusife kweli?"

Wote wakanitazama. Wanyama aliitikia kwa kichwa, kunitia moyo.

Miaka miwili nilikuwa nimemwaza Mabonga tu, na kwa siku hii nilikuwa nimepanga nani ataanza kusema, nani atafuata, na yeye atakaa wapi ili kila mtu amwone uso. Sikuwa nimekanyaga tena Ainabkoi kuwauliza wakulima lolote. Kwa hesabu zangu, mambo yote yalikuwa yanaishia pale Mabonga alipotoka uani. Kesho yake sikuwa nimeifikiria hata kidogo.

"Madam?" Najma akasema.

"Tuombe kwanza," nikajibu.

Wakainamisha vichwa wote, Najma akakunjua viganja vyake, nami nikafumba macho nikitafuta kitu, chochote, cha kuwaambia nitakaposema amina.