Upande wa Mpwa

Ianthe Gittens alifungua kikaratasi, akasoma upande aliopangiwa, akakunja uso kama mtu aliyetafuna pilipili bila kutarajia.

"Mpwa!" akasema kwa sauti. "Mimi nimtetee yule mlafi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nusu ya wasichana waliokuwa mle aliwafundisha netiboli walipokuwa wadogo, na ingawa sasa walikuwa wanafunzi wenzake wa sheria, hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina. Alikuwa Mwalimu Gittens tu. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Kerrianne, binti yake wa kumzaa, aliyeketi safu ya mbele.

"Na mpinzani wangu ni nani?" Ianthe akauliza.

Daktari Cadogan, mhadhiri wa sheria ya amana, akakohoa. "Binti yako, Mwalimu. Ni kura iliyoamua, si mimi."

Kicheko cha Kerrianne kikakatika hapo hapo.

Mtihani wa mwisho mwaka huo ulikuwa wa mdomo, mbele ya jaji, na kesi ilikuwa ya kutunga. Mzee mmoja wa wilaya ya St. Philip amefariki na kumwachia mpwa wake kiwanja, akiandika katika wosia: "nikiwa na imani kamili kwamba atawaachia vijana wa kijiji waendelee kucheza kriketi." Mpwa anataka kukiuza kijengwe hoteli. Je, maneno hayo yamemfunga? Kama yamemfunga, kiwanja ni amana mikononi mwake, anakishika kwa faida ya wale vijana. Kama hayakumfunga, ni mali yake, afanye atakavyo.

Mwaka uliotangulia Ianthe alianguka somo hilo hilo. Cadogan alimwita ofisini akamweleza bila kuzunguka. "Mwalimu, kila swali unaniandikia lililo haki. Mimi nimekuuliza sheria inasemaje." Akianguka tena, chuo ndio basi. Na sasa kakabidhiwa mpwa, yeye ambaye zamani aliwahi kuipanga timu yake nzima ya netiboli mbele ya tingatinga ili uwanja wa shule usichimbwe!

Jumamosi mchana, wakila nyama ya nguruwe ya ndimu na tango, Kerrianne alisukuma sahani kando.

"Mama, nikilegeza kidogo tu, nani atajua?"

"Nitajua mimi. Ukinihurumia mbele ya watu, Kerri, utatafuta pa kulala."

"Usije ukanilaumu."

"Lete mdomo wako wote. Mimi ndiye niliyekupa."

Siku ya mtihani, jaji alikuwa Bi Ophelia Haynes, mstaafu, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo. Kerrianne akaanza, na kweli hakulegeza.

"Mheshimiwa, mzee huyu hakuwa mwanasheria, alikuwa mstaarabu. Mtu mstaarabu hamwamuru mpwa wake. Anamwambia, 'Nina imani na wewe,' na mpwa mwenye adabu anajua kabisa kwamba ameagizwa."

Minong'ono ya kumsifu ikapita chumbani. Ianthe mwenyewe, bila kujijua, akatikisa kichwa kukubali.

"Mwalimu Gittens," jaji akasema, "naona umeungana na mpinzani wako."

Watu wakacheka. Ianthe akasimama, akaanza kuzitaja hukumu za zamani alizokuwa amezikariri. Jaji akainua mkono.

"Hizo nazijua. Niambie kwa nini nisimwamini binti huyu."

Moyo wote wa Ianthe ulikuwa upande wa vijana, na moyo huo ndio uliomwangusha mwaka jana. Akainamia wosia, si kwa kuwa alikuwa na la kutafuta, bali asikutane na macho ya watu. Ndipo akaiona aya ya chini, aliyokuwa akiipita kila mara akidhani ni mapenzi ya mzee kwa dada yake na basi.

Akainua uso.

"Mheshimiwa, mzee huyu alijua kuamuru."

"Endelea."

"Binti yangu anasema wastaarabu hawaamuru. Tusome aya ya chini. 'Dada yangu Enid lazima apewe chumba cha mashariki maisha yake yote, na mtu yeyote asimtoe.' Lazima! Mkono ni ule ule, kalamu ni ile ile. Alipotaka kufunga, alifunga, akakaza na fundo. Alipofika kwenye kiwanja, akachagua kutumaini."

"Na vijana, Mwalimu?"

"Wananiuma, Mheshimiwa. Ningekuwa mimi huyo mpwa, ningewaachia, na nyasi ningewakatia mwenyewe. Lakini mahakama haiwezi kumwandikia marehemu neno alilokuwa nalo, akaacha kulitumia."

Jaji Haynes akaweka kalamu chini, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

"Mpwa ameshinda," akasema. "Ila kwa kweli simpendi."

Cadogan alisoma matokeo alasiri ile ile mlangoni pa ukumbi. Aliyeongoza darasa zima alikuwa Gittens. "Gittens yupi?" watu wakapiga kelele. "Mkubwa!" akajibu, na mdogo alikuwa wa pili.

Wasichana wakamzunguka Mwalimu wao wakipiga makofi ya netiboli, yale yale aliyowafundisha. Kerrianne akapenya katikati yao, akamrukia mama yake shingoni.

"Umeniua, Mama! Ile aya niliiona tangu Jumamosi. Nimesali kila siku usiione."

"Mshenzi wewe!" Ianthe akacheka mpaka machozi, akamkumbatia kwa nguvu. "Haya, mpigie bibi yako simu. Mwambie nimefaulu. Halafu mwambie nimemshinda nani."