Notisi Iliyosahihishwa

Kwenye hati, mwenye nyumba yetu ya Utemini ni mume wangu, Fredrick. Kwa vitendo ni mpangaji wa chumba cha mbele, Mwalimu Scholastika, aliyemfundisha Fredrick darasa la nne huko Iramba. Dalali alimleta wakati Fredrick yuko safarini na lori lake la alizeti, nami nikampokea bila kujua. Fredrick aliporudi alifungua geti akiimba, akamkuta mwalimu wake ameketi barazani. Alificha mikono mgongoni. Mwanamume mzima, mwenye lori!

Tangu hapo hakupata raha. Kila asubuhi ni "Shikamoo, Mwalimu," na kila asubuhi anajibiwa, "Marahaba. Fredrick, chomekea shati." Naye anachomekea mbele ya wapangaji wote, kitambi kikigoma. Alichotaka ni kitu kimoja tu: atoke nje kwake akiwa mtu mzima. Dawa aliyoiona ni mwalimu ahame. Mimi nilikataa, maana huyo ndiye binadamu pekee aliyewahi kumfanya Fredrick atandike kitanda. Nani alinisikiliza?

Kwanza alitaka kung'oa mlango wa chumba cha Mwalimu, eti mama wa watu aondoke mwenyewe kwa baridi. Mzee Sostenes, mwenyekiti wetu wa mtaa, alimjia juu.

"Ukigusa mlango wake, mwenye kosa ni wewe. Hana deni, hana ugomvi na mtu. Mwandikie notisi. Sababu iwemo, muda wa kutosha uwemo, umkabidhi mkononi, asaini kwamba ameipokea. Mambo ya kuvizia achia vicheche."

Fredrick akaandika. Akaipeleka barazani kwa mikono miwili, mimi nyuma yake nikijifanya nafagia. Mwalimu alivaa miwani, akatoa kalamu nyekundu.

"'Uame' ni nini?"

"Ni kuhama, Mwalimu."

"H iko wapi? Imeshahama?"

"Nimeisahau, Mwalimu."

"Na hii 'ukalabati'? Mtu anayeandika 'ukalabati' hakabidhiwi nyundo. Nne juu ya kumi. Rudia. Mimi sisaini uchafu."

Notisi ya pili ilikuwa na H zote, hata zisizotakiwa. "Asante" ilikuwa "hasante". Sababu aliyoweka safari hii ni kwamba mwanawe anataka kuoa na anahitaji chumba.

"Noel yuko darasa la pili," Mwalimu akasema. "Anamwoa nani?"

"Atakua, Mwalimu."

"Basi akikua ndiyo uilete." Akaandika kwa wino mwekundu: Sababu si ya kweli. Rudia.

Nikamwambia, "Baba Noel, hebu andika ukweli mara moja maishani, uone kama utakufa." Alikaa mezani akitafuna kalamu mpaka chai ikapoa. Mwisho akaandika hivi:

"Mwalimu, nakuomba uhame kwa sababu nina mke, mtoto na lori, lakini nikikuona narudi darasa la nne. Nimechoka kuwa mtoto nyumbani kwangu. Nakupa muda wote utakaouhitaji."

Mwalimu aliisoma, akairudia. Hakukemea wala hakucheka. Niliumia moyo, kwa ajili yake na kwa ajili ya huyu mpumbavu wangu. Akasaini. Halafu mkono, kwa mazoea yake, ukaandika pembeni: 10/10. Vizuri sana.

Fredrick alikuwa hajawahi kupata kumi tangu azaliwe. Aliichukua ile notisi, akatoka nayo mbio mpaka kijiweni, akawaonyesha vijana wa bodaboda, akamwonyesha muuza nyanya. Wote waliisoma yote, pamoja na ile ya kuchoka kuwa mtoto, na hakujali hata kidogo. Mzee Sostenes naye akaisoma.

"Hongera. Sasa mkabidhi, ibaki kwake. Asipobaki nayo, notisi haijafika."

Fredrick akaikumbatia kifuani. "Ibaki kwake? Hii?"

"Basi toa kopi."

Kwenye kopi wino mwekundu ulitoka mweusi, na kumi ikawa kama namba ya kawaida tu. Fredrick akaona heri kopi aichukue mwalimu, ile halisi abaki nayo yeye. Akampelekea.

"Nini hii?"

"Kopi, Mwalimu."

"Fredrick! Mpaka leo unakopi?" Mwalimu alisimama, na mume wangu akarudi nyuma hatua kadhaa. "Nilikuchapa kwa kukopi ukiwa mdogo, na leo una ndevu bado unakopi? Kazi ya kukopi mimi sipokei!"

Kwa hiyo notisi haijafika. Kopi haipokelewi, na ile halisi Fredrick haitoi hata kwa bunduki. Ameiwekea fremu, akaitundika sebuleni juu ya picha ya harusi yetu, nami nimenuna mpaka leo.

Asubuhi baada ya kopi kukataliwa, alitoka nje kichwa chini. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Baba Noel."

Hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Fredrick alinigeukia kama mtu aliyeulizwa swali gumu, nami nikatazama pembeni nisije nikalia. Halafu akavuta kiti, akakaa karibu yake, wakaanza kulalamikia mvua, watu wazima wawili.